Jinsi ya kumpima mgombea anayekuja na dini mbele

Kampeni zikianza hapa Kenya kila mheshimiwa anaokoka ghafla, Jumapili yuko kanisani kiti cha mbele, Ijumaa unamwona na kofia ya kiua huko Mombasa na wala si Muislamu, na sisi tunalainika tu bana.

Cha kwanza fuata pesa. Uliza hiyo sadaka imetoka wapi, maana mshahara wa mbunge unajulikana. Novemba 2024 Rais Ruto alitoa mchango kanisa katoliki la Soweto hapa Nairobi, laki 6 za kwaya na watoto na milioni 2 za nyumba ya mapadri, Askofu Mkuu Philip Anyolo akazikataa akataka zirudishwe. Sasa kama askofu mwenyewe amestuka wewe unapiga makofi ya nini?

Halafu jipime na wewe, hii ndo ngumu. Chukua sera zake zilezile, mpe jina la dini nyingine, kama alikuwa Peter muite Abdalla, ukiona moyo umepoa ujue ulikuwa unachagua muumini mwenzako sio kiongozi. Katiba kipengele cha 8 inasema hakuna dini ya taifa, so huyo mtu atahudumia wote.

Msikilize pia akiwa na watu wa dini yake peke yao, klipu huwa zinavuja, linganisha na anachosema uwanjani. Zikigongana muulize hadharani akija kuomba kura, na usikubali ajibu kwa aya.