Seva ya tatu kwenye GlusterFS, hata ikiwa ndogo

Anayeweka mafaili kwenye seva mbili za Linux kwa GlusterFS, mfumo unaounganisha diski za seva kadhaa kuwa hifadhi moja, hushawishika kuishia na hizo mbili, kwa kuwa nakala zimeshakuwa mbili na diski ni ghali. Tatizo hujitokeza siku mtandao kati yake unapokatika huku kila seva ikiendelea kuandika: faili moja huwa na matoleo mawili yanayopingana, na mfumo haujui lipi ni sahihi. Dawa yake ni seva ya tatu ya usuluhishi, ambayo huhifadhi majina ya mafaili na taarifa zake tu bila yaliyomo, hivyo hata mashine ya kawaida hutosha:

gluster volume create data replica 3 arbiter 1 s1:/diski/d1/data s2:/diski/d1/data s3:/diski/d1/data

Msuluhishi (hapa s3) huandikwa mwisho. Ukikosea mpangilio, seva yako kubwa ndiyo itakayobaki bila data. Zingatia pia kwamba saraka ya data imo ndani ya /diski/d1, mahali diski ilipopachikwa (mount). Ukitaja /diski/d1 yenyewe, Gluster italalamika, nawe usiinyamazishe kwa neno force, maana siku diski isipopachikwa ni heri saraka ikosekane kabisa.

Kabla ya kuzima seva moja kwa matengenezo, na tena kabla ya kugusa inayofuata, endesha gluster volume heal data info na usubiri kila seva ioneshe sifuri, yaani hakuna faili linalosubiri kusawazishwa. Mafaili yaandikwe kupitia voliyumu iliyopachikwa (hifadhi ya pamoja, hapa inaitwa data), kamwe si moja kwa moja ndani ya /diski/d1/data.