Kuwapeleka Wapiga Fidla Wachanga kwa Wazee

Wanafunzi wangu wa Eastlands, Nairobi, huwapigia wazee fidla kabla ya kupanda jukwaa lolote. Mwalimu, tangulia wewe: uliza saa za chakula na dawa. Dakika 20 zatosha. Nyuzi zilinganishwe nje.

Chumba kikiwa kidogo, upinde uguse kwa wepesi, usogee mbali na daraja (kibao kinachoinua nyuzi) kuelekea ubao wa vidole; sauti italainika. Kisha mtoto ashushe fidla, achuchumae karibu na kiti cha bibi: “Shosho, mlikuwa mkiimba nini ulipokuwa msichana?” Shosho akianza kuvumisha wimbo, mtoto autafute wimbo huo kwa sikio, hata akikosea. Usimkatize! Nampenda mtoto hapo kuliko kwenye mtihani.

Ghetto Classics, programu ya muziki iliyoanzia mtaa wa Korogocho, Nairobi, mwaka 2008, vijana wake hufundisha wadogo zao. Nasi tunafanya hivyo Jumamosi.