Somo: Nyoka ameingia uani, ufanye nini tangu unapomwona hadi anapoondoka

Wakuu, habari za leo. Mvua zimeanza, na kila zikianza simu yangu haipumziki: nyoka yuko chini ya tangi la maji, nyoka yuko bandani kwa kuku, nyoka amejikunja kwenye matofali ya jirani anayejenga. Wengi wanaonipigia huwa tayari wameshika panga. Naandika kwa ajili yao hasa. Nyoka aliyekuwa akipita njia yake huwa hatari pale mtu anapomsogelea ili amuue. Ili panga limfikie nyoka, ni lazima na wewe uwe mahali ambapo yeye anaweza kukufikia.

Kwa nini mvua? Mashimo hujaa maji, kwa hiyo waliomo hutoka. Kumbikumbi nao hutoka, vyura huwafuata kumbikumbi, nyoka huwafuata vyura. Na mitaa yetu mingi ya pembezoni, kuanzia Kibaha na Kigamboni hadi Kilifi, ilikuwa mikorosho na vichaka juzi tu. Ukijenga hapo, tarajia wenyeji wa zamani wapite.

HATUA YA 1: Simama, kisha rudi nyuma
Rudi polepole hadi uwe mbali naye kama mita 5. Swila hutema sumu kwa mita 2 hadi 3 na hulenga macho, kwa hiyo "nimesimama mbali kidogo" haitoshi. Watoto waingie ndani, mbwa afungwe. Mbwa ndiye anayeharibu mambo mara nyingi: humzingira nyoka, humzuia kuondoka, na mwenyewe huja kumwokoa mbwa akaumwa yeye.

HATUA YA 2: Mtu mzima mmoja abaki akimtazama
Hatua hii watu huiruka. Wote hukimbia kutafuta fimbo, wakirudi nyoka hayupo, na hapo familia inalala na hofu kwa wiki nzima maana hakuna anayejua ameelekea wapi. Mmoja abaki, asimame kwa umbali ule ule, macho kwa nyoka. Akiweza ampige picha kwa kukuza kamera ya simu bila kusogea. Picha hiyo itamsaidia atakayekuja kumwondoa, na ikitokea mtu ameumwa, itamsaidia daktari.

HATUA YA 3: Mtambue kwa mbali
Hawa ndio wanaonipigisha safari nyingi zaidi.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma na Kenya wanamwita bafe, ni mfupi na mnene, kichwa kipana, mgongoni ana alama mfano wa herufi V zilizopangana. Huyu hakimbii. Anategemea rangi yake kujificha, anatulia tuli hata ukikaribia kumkanyaga, kisha anauma mguu au kifundo. Ndiyo maana nasisitiza tochi na viatu usiku, hata kama unakwenda choo cha nje tu. Akifoka kwa sauti nzito, amekwishakuonya. Rudi nyuma.

Swila, au fira, huinua shingo na kuitanua. Anapenda mabanda ya kuku, mayai, vyura na panya. Huingia hata ndani usiku, na watu wanaolala sakafuni huumwa usingizini. Mwaka 2007 wataalamu walithibitisha kwamba swila mkubwa wa kahawia wa Kenya ni spishi yake peke yake, wakampa jina Naja ashei kumkumbuka James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Huyo hupita mita 2 kwa urefu.

Koboko ni wa kijivu au kahawia iliyofifia. Weusi uko ndani ya kinywa chake. Ni mrefu, mwembamba, na huenda kasi, lakini akiona njia huishika. Usimzibie.

Nyoka wa kijani ndio wanaowachanganya watu. Ukukwi ni wa kijani na hana madhara kwako, ila ukanda wa pwani kuna koboko wa kijani anayekaa kwenye miembe, minazi na mikorosho, na sumu yake ni kali. Kwa mbali hata mimi sitabahatisha. Kila wa kijani mheshimu sawasawa.

Chatu hana sumu, lakini hubeba kuku, bata na hata mbuzi. Na msije mkashawishika kumchuna: ngozi yake bila kibali ni nyara za serikali, na kesi yake si ndogo.

HATUA YA 4: Mpe njia
Fungua geti au uwazi ulio upande wake, kisha nyote muondoke upande huo. Wengi hujiondokea ndani ya muda mfupi wakiona pametulia. Akiwa ameingia chumbani, toka, funga mlango, na uzibe nafasi ya chini kwa kanga au taulo. Sasa unajua yuko wapi, na hiyo ni nusu ya kazi.

HATUA YA 5: Ita wanaojua
Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Kila halmashauri ina ofisa wanyamapori, na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wana ofisi za kanda. Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori la huko. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa, maana mara nyingi ndiye anayemjua kijana wa karibu aliyefundishwa kuwakamata. Eleza ulipo, nyoka yuko wapi sasa, ana urefu gani kwa kukadiria, na kama kuna mtu ameguswa.

HATUA YA 6: Akiuma au akitema
Hapa naomba msome polepole.

Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi, yatiririke, dakika 15 hadi 20. Usisugue. Usiweke majani, mkojo wala dawa ya macho ya jirani. Kisha hospitali, hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu kidonda kwenye kioo cha jicho kikiachwa kinaweza kuleta upofu.

Akiuma: msogeze mgonjwa mbali na nyoka, mkalishe au mlaze. Vua pete, bangili, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga mguu au mkono kwenye ubao au fimbo iliyonyooka ili usichezecheze, kama mnavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Andika saa aliyoumwa. Usichanje, usinyonye, usimpe pombe. Usikaze kamba juu ya jeraha, hasa kwa kifutu, ambaye sumu yake huozesha nyama: ukiifungia mahali pamoja na kuzuia damu isipite, unaweza kumpotezea mtu mguu. Mkitumia bodaboda, mgonjwa akae katikati, nyuma yake awepo mtu wa kumshikilia. Asiendeshe mwenyewe hata kidogo. Akianza kutapika au kusinzia, alale ubavu.

Na fanya hili leo, kabla hujaona nyoka yeyote: ulizia ni hospitali ipi karibu nawe ina dawa ya sumu ya nyoka. Zahanati nyingi hazina. Nimeona watu wakizunguka vituo vitatu na mgonjwa mkononi, na sumu haisubiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka duniani, na mwaka 2017 liliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Wengi wa wanaokufa ni watu kama sisi, wenye mashamba na nyumba za pembezoni.

HATUA YA 7: Kesho yake, safisha
Matofali na mbao ziondolewe chini, ziwekwe juu ya vichanja. Pumba na chakula cha kuku kifungiwe kwenye pipa lenye mfuniko, maana panya ndiye anayemwalika nyoka. Kata nyasi, punguza matawi yanayogusa paa, ziba nafasi chini ya milango. Banda la kuku liwe na wavu wa matundu madogo. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

MASWALI YA WANACHAMA

Kigamboni: Mkuu, asante kwa somo. Mimi huwa namwaga dizeli kuzunguka nyumba, na mke wangu anaweka vitunguu saumu na chumvi. Inasaidia?
Jibu: Hapana, kaka. Nimewakuta nyoka wakipita juu ya vyote hivyo. Na dizeli inazama ardhini hadi kwenye kisima chenu. Hiyo hela nunua wavu na saruji ya kuziba matundu.

Korogwe: Shikamoo mwalimu. Baba alitufundisha kwamba nyoka ukimwacha, usiku atarudi na mwenzake kulipa kisasi. Kwa hiyo sisi tunaua tu.
Jibu: Marahaba, mwanangu. Simpingi mzee wako kwamba wa pili huonekana, hilo hata mimi nimelishuhudia. Lakini nyoka hana kisasi. Anakuja kwa sababu panya ni wale wale na shimo ni lile lile, au ni majira ya kutafutana dume na jike. Ukiua mmoja na kuacha panya, umeacha nafasi wazi kwa mwingine.

Bukavu: Sisi huku tunatumia jiwe jeusi. Linashika pa kidonda mpaka linamaliza sumu, kisha linaanguka. Mbona hukulitaja?
Jibu: Nimefurahi umeuliza, ndugu yangu. Jiwe lile hushika kwa sababu linafyonza unyevu, na likishalowa linaanguka. Sumu haliitoi. Watu hupona kwa kuwa nyoka wengi hawana sumu kali, na hata mwenye sumu kuna wakati anauma bila kuitoa. Jiwe likapewa sifa. Yule aliyeingiwa na sumu kweli, akikaa saa mbili anasubiri jiwe lianguke, amepoteza saa mbili za dawa. Nakuomba sana umpeleke mtu hospitali moja kwa moja.

Pangani: Samahani, si nyoka. Usiku kuna kitu kwenye mwembe wetu kinalia kama mtoto mchanga. Majirani wanasema ni jini, wanangu hawalali.
Jibu: Dada, huyo ni komba. Watoe watoto nje usiku mmoja, mulika tochi juu ya mti, mtaona macho mawili makubwa yanayong'aa. Anafuata maembe yaliyoiva, na kama kuna mgema karibu, anafuata tembo la mnazi pia. Hadhuru mtu asiyemshika. Chuma matunda mapema, akose sababu ya kuja.

Nyali, Mombasa: Tumbili wanaingia jikoni mchana kweupe, juzi mmoja amemnyang'anya mtoto ndizi mkononi. Tuwafanyeje?
Jibu: Kuna mtu mtaani anawalisha, anza na huyo, muongee naye kwa upole. Halafu dirisha la jikoni liwekwe wavu na pipa la taka lifungwe. Mtoto afundishwe kuachia chakula, asivutane naye, wala asimkazie macho. Akikwaruzwa au kuumwa na mnyama yeyote wa porini, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha muwahi chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Kikianza kuonyesha dalili, ugonjwa huo karibu hauponi. Wakizidi, waiteni KWS.

Morogoro: Nyuki wametua kwenye mpera wetu, wamening'inia kama gunia. Vijana wanataka kuwachoma kwa petroli jioni.
Jibu: Wazuie, tafadhali! Hilo ni kundi linalohama, limepumzika tu, na likiwa hivyo huwa halina watoto wala asali ya kulinda, kwa hiyo ni tulivu. Mara nyingi huondoka ndani ya saa chache au siku moja mbili. Fungeni mifugo mbali, watoto wasirushe mawe. Wakikawia, ofisa nyuki wa halmashauri au mfugaji wa jirani atakuja na mzinga awachukue, na atawashukuru. Wakiwavamia, kimbieni ndani mfunge mlango, msipunge mikono, na mwiba ung'oeni haraka kwa ukucha.

Bagamoyo: Kenge ananimalizia mayai ya bata. Nimtegee sumu?
Jibu: Usitege. Sumu hiyo atakula mbwa wako, au kuku wa jirani. Kenge hutembea mchana, kwa hiyo kusanya mayai asubuhi mapema na uzungushie banda wavu uliozikwa ardhini, maana anachimba. Ukimkuta ndani, mwachie mlango wazi na ukae mbali na mkia wake, anaupiga kwa nguvu.