Namna ya kumfanya mwanafunzi wa kidato cha kwanza aseme la moyoni

Mtoto anayeingia kidato cha kwanza katika shule zetu za kata ametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Wengi hunyamaza. Mimi nafundisha Kiswahili, na kwangu kipindi hiki ndicho cha kwanza kuwarudishia sauti.

Usianze kwa kuuliza darasa zima. Kwenye watoto sabini, atakayenyoosha mkono ni yuleyule wa mbele. Andika ubaoni swali lisilo na jibu moja, kwa mfano: "Ni haki dada aoshe vyombo huku kaka anacheza mpira?" Wape dakika mbili waandike kimya, kisha kila mmoja amsomee jirani yake wa dawati. Ndipo umwite mtu aeleze alichosema mwenzake, si alichosema yeye. Aibu hupungua sana, na mwenye wazo akisikia limepotoshwa, atasimama mwenyewe kulisahihisha. Hapo mjadala umeanza, kaa pembeni.

Akiongea usimkatize kwa ajili ya sarufi. Akisema "kura" kwa maana ya "kula", liandike mahali, mtalifanyia kazi siku nyingine. Wanaomcheka lafudhi wakemee papo hapo.

Ngonjera na maigizo ni vizuri, ila watunge wenyewe. Ya kukariri hayamfungui mtu.

Ninalolithamini kuliko yote ni daftari la Ijumaa. Ukurasa mmoja, mada yoyote, bila maksi wala kalamu nyekundu. Chini yake naandika swali moja la kutaka kujua kweli. Kijana mmoja aliandika sentensi moja tu: "Bibi anauza mihogo, mimi ndiye namenya." Nikamuuliza anatumia kisu gani. Ijumaa iliyofuata alijaza kurasa mbili: kisu kilivyokatika mpini, kilivyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kwa nini bibi hataki kipya.

Sabini ni mengi, kwa hiyo soma safu moja kila wiki. Ila anayetaka lake lisomwe leo aliweke juu ya meza yako. Na tangu siku ya kwanza waambie wazi: siri zao hutazisoma mbele ya darasa, lakini mtoto akiandika kwamba anaumizwa, utamwona mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyohiyo.