Kupanga Siku ya Vijana ya Kujitolea Katika Kituo cha Mikoko

Somo hili ni la walimu wa vilabu vya mazingira na walezi wa vikundi vya vijana wa miaka 13 hadi 18 wanaotaka kufanya kazi ya kujitolea katika kituo cha mazingira. Nimechagua mikoko ya pwani ya kusini ya Kenya kwa sababu ndiko ninakopeleka vijana, na kwa sababu kazi ya mikoko haivumilii mpango mbovu: bahari ina saa zake, na haimngoji mtu ambaye basi lake limechelewa.

Hatua ya kwanza: uliza kazi, usipeleke kazi

Nenda kituoni peke yako, bila vijana na bila mpango, umuulize msimamizi ni kazi gani imemlemea. Vikundi vingi hufika na kazi yao mkononi, na karibu kila mara kazi hiyo ni kupanda miti, kwa kuwa picha ya kijana na mche hupendeza. Kumbe kituo huenda kina miche ya kutosha, na kinachokosekana ni mikono ya kuhesabu miche iliyopandwa mwaka jana, kubadilisha mbao zilizooza katika njia ya wageni, au kuokota nyavu na plastiki zilizonaswa kwenye mizizi. Ukitaka kuona jinsi wenyeji wanavyousimamia msitu wao, pita Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja huuza kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko (yaani hulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayotoa), na mapato hutumika kwa mahitaji ya vijiji kama vile maji na shule, na ambako kina mama wana njia yao ya mbao ya kuwatembezea wageni msituni.

Nasema haya kwa kuwa mradi wangu wa kwanza nilichagua eneo mwenyewe. Lilikuwa tambarare la mchanga mtupu mbele ya msitu, upande wa bahari. Tulichomeka mbegu za mkoko zaidi ya 300, tukaimba, tukarudi nyumbani. Niliporudi baada ya miezi mitatu nilikuta vijiti vichache vimelala, na vile vilivyosimama vimevikwa vijigamba vigumu vya baharini mpaka juu. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona wavu aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hapo mkoko uliota lini?" Hadi leo swali hilo ndilo la kwanza ninalouliza kabla ya kukubali eneo lolote. Mikoko ni aina kadhaa za miti, na kila aina ina mahali pake: mlilana ndio unaostahimili upande wa bahari. Nyuma yake huja mkoko wenyewe, kisha muia na mkandaa, na mchu hupatikana zaidi karibu na nchi kavu. Ukipanda mti mahali pa mwenzake, umetupa mbegu na umewadanganya vijana.

Hatua ya pili: ruhusa

Misitu ya mikoko ya Kenya iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na mara nyingi kuna jumuiya ya wanakijiji inayoshirikiana nalo. Barua yako iwafikie wote wawili, na mzee wa kijiji apewe taarifa kwa mdomo, si kwa barua pekee. Kila kijana aliye chini ya miaka 18 alete ridhaa iliyotiwa sahihi na mzazi au mlezi, ikitaja pumu, kifafa na selimundu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, naitaja makusudi: jua kali na upungufu wa maji mwilini vinaweza kumletea mwenye ugonjwa huo maumivu makali, naye kijana akiwa mbele ya wenzake hapendi kusema kwamba amechoka.

Hatua ya tatu: tarehe hupangwa na mwezi

Hapa ndipo mipango mingi huvunjika. Mwalimu huchagua Jumamosi iliyo wazi katika ratiba ya shule, kisha hufika ufukweni akakuta maji yamejaa mpaka kwenye majani. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na tena unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, na katika pwani yetu siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake ni kwamba vijana wanaweza kuingia topeni saa mbili, wakati maji yanakwenda zake, na kutoka kabla ya saa sita jua halijawa kali mno. Maji mafu, yale ya siku za katikati ya bamvua na bamvua, hayatoki mbali, na saa ya kupwa huangukia jioni. Kila siku inayopita, maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ukiahirisha kazi kwa juma moja tu umeharibu hesabu yote. Chukua jedwali la maji ya mwaka mzima, utie alama Jumamosi zinazokutana na bamvua, ndipo uzungumze na shule. Mara nyingi utapata siku chache tu katika muhula.

Hatua ya nne: vifaa

Raba kuukuu zenye kamba zinafaa kuliko buti za mpira, kwa kuwa tope huzinyonya buti na kumwacha kijana akisimama kwa mguu mmoja huku wenzake wakicheka. Miguu mitupu hairuhusiwi kamwe. Magamba ya chaza yanakata kama wembe. Maji ya kunywa yawe kwenye madumu, na kila mtu awe na kikombe cha bati, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja vimepigwa marufuku katika fuo, misitu na mbuga za Kenya.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Kama kazi ni kupanda, msimamizi wa kituo aoneshe kwanza, nawe mlezi upande mmoja mbele ya wote, ukikosea ukosolewe. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama fimbo ya kijani, na kila mwaka hupatikana kijana anayeichomeka juu chini. Ncha iliyochongoka ndiyo inayoingia topeni, takriban theluthi moja ya urefu, na kichwa chenye chipukizi hubaki juu. Isishindiliwe kwa nguvu. Nafasi ya mita moja kati ya mche na mche hupimwa kwa kamba yenye mafundo, wala si kwa hatua za miguu.

Hatua ya sita: kurudi

Weka tarehe ya kurudi kabla ya siku ya kwanza kufika. Mimi huwarudisha vijana walewale baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka, wakiwa na daftari la kuandika iliyo hai, iliyokufa na iliyoliwa na kaa. Kikundi kisichoweza kuahidi safari hizo mbili kingefanya vyema kuomba kazi ya usafi badala ya kupanda.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Nina wanafunzi 60. Je, niwalete wote siku moja?

Marahaba. Hapana. Watu 60 wakikanyaga tope lile lile huvunja mizizi ya hewa na miche iliyojiotea yenyewe, na hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote mtakayopanda. Walete 20 kwa kila bamvua, mtu mzima mmoja kwa vijana watano. Wasioingia topeni siku hiyo wanaweza kujaza udongo katika mifuko ya miche ya mchu kwenye kitalu.

Mabinti wetu wengi huvaa buibui. Wazazi wana wasiwasi.

Suruali pana ndani, dera fupi juu na mtandio uliofungwa nyuma vimetosha kwa vikundi vyangu vyote. Awepo mama mmoja kati ya walezi, na pawe na chumba cha kubadilishia nguo chenye maji. Waalike wazazi wawili waje kutazama. Wasiwasi wao huisha wakishaona mpangilio. Na tafadhali usiweke siku hii katika mwezi wa Ramadhani.

Vijana waliomaliza kidato cha nne wanaomba cheti.

Wapewe barua ya kituo inayotaja kazi na saa walizofanya hasa. Usimwandikie saa nane aliyefanya tatu.

Sisi tuko Kakamega, hatuna bahari. Somo hili litatufaa?

Hatua ya kwanza, ya pili na ya sita hazibadiliki. Mahali pa bamvua weka mvua, na badala ya swali la mkoko uliota lini, muulize mlinzi wa msitu ni mmea gani mgeni anaotaka ung'olewe. Kisha akuoneshe pia ule wa kienyeji unaofanana nao, na kila kijana aushike mkononi kabla hajapewa jembe.