Kutoa kaboni kwenye injini ukiwa nyumbani: kwanza ujue imeganda wapi

Dawa ya kumimina kwenye tangi la mafuta ni kitu kizuri, na mimi huitumia. Lakini kila mtu akinilalamikia kwamba kaweka dawa na gari bado linatetemeka, humuuliza swali moja: hiyo kaboni yako iko wapi? Masizi ya injini hayakai mahali pamoja. Yapo ya kwenye throto, yaani lango la kuingizia hewa kwenye injini, yapo ya mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa, yapo ya juu ya pistoni, yapo ya kwenye ncha za nozeli, na yapo ya kwenye valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Kila mahali pana njia yake. Ukikosea mahali, jioni yako imekwenda na injini iko vile vile.

Nitaeleza ninavyofanya mimi, kuanzia kazi nyepesi.

Injini yako inapokeaje mafuta?

Jua hili kabla hujashika spana. Kwenye injini nyingi za petroli, nozeli hunyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa, mbele kidogo ya valvu. Petroli ikipita pale inaiosha valvu, na dawa uliyoweka kwenye tangi inapita hapo hapo. Lakini zipo injini ambazo nozeli inapiga mafuta ndani ya silinda moja kwa moja. Mitsubishi waliingiza yao sokoni mwaka 1996 kwa jina la GDI; Toyota wana D-4, Volkswagen wana FSI. Ni injini nzuri na zinabana mafuta, ila valvu zake za kuingizia hazionji petroli hata tone. Kinachozifikia ni hewa pamoja na mvuke wa oili unaopanda kutoka chini ya injini kupitia valvu ya PCV, ile inayorudisha mvuke huo kwenye njia ya hewa. Mvuke ule ukigusa chuma cha moto unaganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba.

Kwa injini ya namna hiyo, dawa ya tangi itafika kwenye nozeli na vichwa vya pistoni, lakini mgongo wa valvu haitaugusa kamwe. Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea, na inaniuma kwa sababu maandishi ya chupa mara nyingi hayasemi. Zipo pia injini zenye nozeli za aina zote mbili, kama za Toyota zenye alama ya D-4S. Hizo valvu zake huoshwa.

Plagi zitakuambia mengi

Dalili unazijua: gari linatetemeka likiwashwa asubuhi, linasita ukikanyaga mafuta, linapiga misi, yaani silinda inakosa kuwaka, taa ya injini inawaka na kompyuta inatoa kodi (namba ya hitilafu) kama P0300, au P0301 ikiwa ni silinda ya kwanza. Ukipanda mlima unasikia mgongano kama kokoto kwenye kopo. Hiyo ni kaboni iliyojaa juu ya pistoni, inabana nafasi na kutunza joto, mafuta yanajiwasha kabla ya wakati. Lakini plagi zilizochoka, koili mbovu, au mpira wa hewa uliopasuka huleta karibu dalili hizo hizo. Kwa hiyo usisafishe kitu kabla hujatoa plagi ukaziangalia.

Toa plagi injini ikiwa baridi. Hedi ya aluminiamu ikiwa na joto thredi zake huharibika kirahisi, na kuzitengeneza ni gharama. Kabla ya kufungua, puliza vumbi kwenye mashimo kwa kompresa au pampu, maana mchanga ukidondoka ndani ya silinda utakwaruza kuta zake. Mimi hutandika taulo jeupe lililochakaa juu ya meza na kuzipanga plagi kwa mfuatano wa silinda, kila moja na namba yake kwa kalamu ya wino mzito. Taulo liwe jeupe, ndipo rangi zinaonekana vizuri.

Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu, hiyo ni silinda yenye afya. Ncha nyeusi kavu, ambayo ukiigusa inaacha unga kidoleni, ina maana mafuta ni mengi kuliko hewa, au injini haipati joto la kutosha. Plagi hujichomea masizi yake yenyewe ncha ikifika takriban nyuzi 450 za selsiasi. Gari linalotumika kupeleka watoto shule na kurudi, safari fupi mfululizo, mara nyingi halifiki huko. Ncha nyeusi yenye unyevu unaong'aa ni habari nyingine. Hiyo ni oili, inapita kwenye ringi au sili za valvu, na hakuna dawa ya kusafishia itakayoiponya.

Ukiweza kupata kamera ndogo yenye waya mrefu, ile ya kuunganisha na simu, ipitishe kwenye shimo la plagi. Utaona kichwa cha pistoni kilivyo. Masizi membamba meusi ni ya kawaida. Ukiona magamba manene yaliyopasuka-pasuka, hapo kuna kazi.

Throto

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu matokeo yanaonekana siku hiyo hiyo. Andaa dawa ya kusafishia throto, mswaki wa zamani wenye nywele laini, vitambaa visivyochambuka, glavu na miwani. Fanyia nje au mahali penye hewa nyingi. Dawa hizi hushika moto haraka na harufu yake inalevya. Injini iwe imezimwa na imepoa, na toa taminali hasi ya batri.

Legeza klempu, vuta mpira wa hewa unaotoka kwenye filta. Utaliona koo la aluminiamu lenye kipepeo cha bati katikati. Angalia pale ukingo wa kipepeo unapokutana na ukuta: kuna mduara mweusi, unanata, mnene zaidi upande wa chini. Mduara ule ndio unaosumbua gari likiwa limesimama linaunguruma, kwa sababu hewa ya wakati huo hupita kwenye ufa mwembamba kabisa wa ukingo, na ufa umezibwa.

Ni bora kuifungua throto kabisa. Mara nyingi imeshikwa na bolti nne tu. Ukiisafisha ikiwa mahali pake, pulizia dawa kwenye kitambaa, usimwage kooni, ili maji ya dawa yasitiririke kwenda kutuama kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda. Sugua kwa mswaki, futa, geuza kitambaa, rudia. Nyuma ya kipepeo ndiko kwenye uchafu mwingi, na ndiko watu wanakosahau. Kama throto yako ni ya umeme, usikilazimishe kipepeo kwa kidole; gia zake za ndani ni za plastiki kwenye magari mengi. Wala usikwangue kwa bisibisi, maana baadhi zimepakwa utando maalumu unaotakiwa kubaki. Sensa ya hewa iliyo karibu na filta iache. Ina dawa yake peke yake, na waya wake haushikwi.

Ukirudisha kila kitu na kuwasha, injini inaweza kuunguruma juu kuliko kawaida, au ikapanda na kushuka. Usiogope. Kompyuta ilikuwa imezoea kufungua kipepeo zaidi ili kufidia uchafu, sasa hewa imezidi. Magari mengi hutulia yenyewe baada ya kuunguruma kidogo na kuzunguka nalo. Mengine yanahitaji utaratibu wa kuifundisha upya, nao umeandikwa kwenye kitabu cha gari.

Dawa ya tangi

Tafuta yenye PEA, yaani polietheramini, kemikali ya kusafishia. Herufi hizo ziwepo kwenye chupa. Imimine tangi likiwa karibu tupu, jaza mafuta kwa kiasi kilichoandikwa, kisha endesha safari ndefu injini ikiwa na joto lake kamili. Panga uitumie tangi la mwisho kabla ya kubadili oili, kwa sababu sehemu ya dawa na uchafu huishia kwenye oili.

Kulowesha pistoni

Fanya hivi ikiwa kamera imeonyesha magamba na dawa ya tangi haijaleta nafuu. Nataka uisome sehemu hii mpaka mwisho kabla hujaanza.

Pasha injini joto kidogo, izime, subiri ipoe kiasi cha kutoa plagi kwa usalama. Chomoa koili zote, na toa fyuzi ya pampu ya mafuta. Geuza krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa spana taratibu mpaka pistoni zote, kwenye injini ya kawaida ya silinda nne, zikae usawa wa katikati. Bua jembamba kwenye kila shimo la plagi litakuonyesha. Kwa bomba la sindano, tia kwenye kila silinda dawa ya kulowesha pistoni kwa kipimo kilichoandikwa, kinachotosha tu kufunika kichwa cha pistoni. Funika mashimo kwa kitambaa na uache kwa saa zilizoandikwa kwenye chupa.

Kisha vuta dawa yote iliyobaki kwa bomba lenye mrija. Yote. Halafu tandaza vitambaa juu ya mashimo, kaa mbali, na mtu apige stata mara chache fupi fupi plagi zikiwa bado nje. Kitakachoruka ni cheusi na kinaunguza macho, kwa hiyo uso wako usiwe juu yake. Sababu ya ukali wote huu ni moja: kimiminika hakibanwi kama hewa. Ukifunga plagi silinda ikiwa na dawa ndani, pistoni ikipanda itagonga kama imekutana na ukuta, na fimbo ya pistoni inaweza kupinda.

Badilisha oili na filta yake kabla ya kuwasha, maana dawa imepita kwenye ringi na kuichujua oili yote. Rudisha plagi, zianze kwa vidole, ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu. Ukiwasha, moshi mzito utatoka kwa muda. Gari liwe nje; ndani ya gereji iliyofungwa moshi huo unaua.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kimiminika siungi mkono kumwagia maji au dawa kwenye mpira wa hewa injini ikiunguruma. Wapo wanaofanya na wakafanikiwa, lakini mkono ukizidi kidogo tu injini imekwenda. Kwenye gari lenye turbo ndiyo usithubutu.

Valvu na EGR

Valvu za injini za kupiga mafuta ndani ya silinda zinahitaji manifoldi ifunguliwe, kila valvu ifungwe kwa kugeuza krenki, kisha kaboni itolewe kwa kupuliziwa unga wa maganda ya jozi, ambao ni mgumu kwa kaboni na mpole kwa chuma. Kazi hiyo mpelekee fundi mwenye mashine yake. EGR unaweza kuifungua mwenyewe, hasa kwenye dizeli ambako masizi hujaa kama lami: ifungue, ikwangue kwa kijiti cha mbao, ioshe kwa dawa bila kulowesha sehemu ya umeme, na uweke gasketi mpya.

Iliko asili yake

Kaboni itarudi kama kilichoileta kipo. Angalia themostati: ikikwama wazi, injini haifiki joto lake na plagi zitabaki nyeusi. Angalia valvu ya PCV, filta ya hewa, na oili isizidi alama ya juu kwenye kijiti. Badilisha oili kwa wakati, ya daraja lililotajwa na mtengenezaji. Na kama gari huenda safari fupi tu, mara moja moja litoe barabara ndefu likimbie sawasawa.

Baada ya tangi mbili tatu, toa plagi tena uzipange kwenye lile taulo. Zote zikiwa kahawia, funga boneti. Zote zikirudi nyeusi kavu, mafuta yanazidi au joto halitoshi. Rudi kwenye themostati na nozeli. Moja ikiwa nyeusi yenye unyevu na nyingine safi, pima kompresheni ya silinda ile kabla ya kununua chupa nyingine.