Ruzuku ya kuboresha shamba na kusindika mazao: anza na pesa utakayotanguliza

Mtu akinijia na tangazo la ruzuku mkononi, swali langu la kwanza ni hili: siku fundi akimaliza kazi na kudai chake, utamlipa kwa pesa gani? Wengi hunyamaza, kwa sababu wameshaihesabu ruzuku kama pesa iliyokwisha kuingia. Kazi yangu ni kuwasaidia wakulima na vikundi kuandaa maandiko ya miradi, na nimewahi pia kukaa kwenye kamati inayoyapima. Nimeona mawazo mazuri sana yakikwama, na mara nyingi kilichoyakwamisha ni mahesabu ya nani analipa nini na lini. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata njia ya pesa, tangu kabla ya fomu hadi miaka kadhaa baada ya mashine kufungwa.

Soma tangazo kwa kalamu

Pesa za serikali kwa mkulima huja kwa sura nyingi, na kila sura ina masharti yake. Tafuta mambo manne na kuyapigia mstari: serikali inalipa asilimia ngapi, inalipa kabla au baada ya kazi, inalipia vitu gani, na kama pesa hiyo itarudishwa.

Mifano ya nchi mbalimbali inaonyesha tofauti zilivyo kubwa. India ilianzisha mwaka 2020 mpango wa PMFME kwa wasindikaji wadogo wa vyakula. Serikali huchangia asilimia 35 ya gharama zinazokubalika, isizidi rupia milioni 1. Mwombaji anatoa angalau asilimia 10, na kinachobaki ni mkopo wa benki. Tena ruzuku yenyewe hukaa benki, na huja kupunguza deni baada ya miaka 3 ikiwa mkopo unalipwa vizuri na kiwanda kinafanya kazi. Kwa hiyo asiyekopesheka hana njia ya kuifikia ruzuku hiyo, hata awe na mashine nzuri namna gani kwenye karatasi.

Marekani ina mpango wa EQIP wa kuhifadhi udongo na maji mashambani. Kwa kawaida hulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Wakulima wanaoanza, wenye kipato kidogo na makundi mengine yaliyoachwa nyuma kwa muda mrefu wanaweza kupata hadi asilimia 90, na wao wanaruhusiwa kuomba angalau nusu ya malipo mapema. Nchi hiyohiyo ina ruzuku nyingine, VAPG, ya kuongeza thamani ya mazao. Ukilisikia jina lake utadhani inanunua mashine, kumbe hainunui mitambo wala haijengi jengo. Inalipia upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kuona kama mradi unawezekana), mpango wa biashara na mtaji wa uendeshaji, na mwombaji lazima aweke mchango unaolingana na ruzuku yenyewe.

Tanzania nayo ina fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni msaada mkubwa kwa kuwa hauna riba, lakini ni mkopo, na kikundi kinachougawana kama ruzuku hujikuta kinadaiwa.

Hesabu ya kutanguliza

Hapa naomba utulie, maana ndipo miradi inapofia.

Chukua mradi wa gharama 100, kwa fedha yoyote unayotumia. Tangazo linasema serikali inalipa nusu. Haraka haraka utaona unahitaji 50. Lakini kama ruzuku ni ya kurudishiwa, yaani unalipa kwanza na serikali inakurudishia baadaye, muuza mashine anataka 100 zake siku ya kukabidhi. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani, ambayo programu nyingi haziihesabu kama gharama ya kulipiwa. Tuseme ni 18. Mashine ikishafungwa, mavuno hayakusubiri, lazima ununue mazao ya kusindika msimu ukiwa wazi, weka 30. Umefika 148 kutoka mfukoni, na ile 50 bado iko kwenye foleni ya ukaguzi.

Kuna njia za kupunguza mzigo huo. Ya kwanza ni kugawa mradi kwa awamu kama mwongozo unaruhusu kudai kwa awamu: unamaliza sehemu moja, unadai, pesa ikirudi unaanza sehemu ya pili. Ya pili ni malipo ya awali. Katika mfuko wa Umoja wa Ulaya wa maendeleo ya vijijini, kanuni za kipindi cha 2014 hadi 2020 ziliruhusu mwekezaji kuomba mapema hadi nusu ya ruzuku, mradi aweke dhamana ya benki. Dhamana nayo ina gharama yake, iweke kwenye hesabu. Ya tatu ni mkopo wa muda mfupi wa benki au wa chama cha akiba na mikopo, na hapa nenda ukiwa na mkataba wa ruzuku uliosainiwa, siyo tangazo.

Ukikosa njia hata moja kati ya hizo, punguza mradi. Nasema hivi kwa moyo wote: mradi mdogo uliokamilika unalipwa, mkubwa ulioishia katikati haulipwi kitu, na unaweza hata kudaiwa awamu uliyokwisha kupokea.

Usiguse kazi kabla ya idhini

Sheria hii iko karibu kila mahali. Ukichimba mtaro, ukalipa kishika uchumba cha mashine au ukaagiza mabomba kabla ya ruhusa, gharama hiyo huwa imetoka nje ya ruzuku. Mipango mingine huhesabu kuanzia tarehe ya kupeleka maombi, mingine kuanzia siku ya kusaini mkataba, kama EQIP. Uliza tarehe hiyo kwa maandishi na uhifadhi jibu. Msingi wake unaeleweka: serikali inataka kuona kwamba bila mchango wake kazi isingefanyika, na aliyekwisha kuanza amejibu mwenyewe.

Unachoweza kufanya wakati wa kusubiri ni maandalizi: vipimo vya udongo, michoro, vibali, bei kutoka kwa wauzaji. Baadhi ya gharama hizi hukubalika hata zikitangulia, kwa hiyo tunza risiti zake.

Upande wa shamba: leta ushahidi wa tatizo

Sentensi kama "udongo umechoka" haina alama mbele ya kamati. Karatasi ya maabara inayo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na uzito inaoongeza kwenye maombi, ila sampuli ichukuliwe vizuri. Gawa shamba kwa sehemu zinazofanana kwa rangi ya udongo, mteremko na historia ya matumizi. Ndani ya kila sehemu tembea kwa zigizaga, chukua udongo mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha pima nusu kilo ya kupeleka. Ndoo ya bati huweza kuharibu kipimo cha zinki. Epuka kando ya njia, kwenye kichuguu, palipokuwa na zizi au rundo la samadi.

Majibu yakirudi yatumie kujenga bajeti. pH ikiwa chini ya 5.5, mara nyingi alumini huanza kudhuru mizizi na fosforasi hushikwa na udongo, kwa hiyo chokaa ya kilimo inakuja kabla ya kuongeza mbolea. Hapo utaandika: hekta kadhaa, tani kadhaa za chokaa kwa hekta kama maabara ilivyoshauri, usafiri, kuchanganya kwenye udongo. Mpimaji anaona mnyororo kuanzia kipimo hadi gharama, na hana pa kuuliza.

Panga kazi kwa mfuatano ambao mvua inaukubali. Kwenye mteremko, makinga maji yatangulie mbolea, la sivyo utanunua rutuba na kuipeleka mtoni. Anzia juu ya shamba ukishuka. Eleza aina ya kazi kwa jina lake: katika "fanya juu" udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu wa mteremko, katika "fanya chini" unatupwa upande wa chini. Pima mistari ya kontua, ile inayofuata usawa mmoja kukata mteremko, kwa kifaa cha A (fremu yenye umbo la herufi A), piga picha zenye tarehe kabla ya jembe kugusa ardhi. Mkaguzi atakuja baadaye kulinganisha, na picha ya "kabla" haiwezi kupigwa tena.

Halafu haki ya ardhi. Kama umekodi, mkataba wa kukodi uzidi muda ambao ruzuku inakutaka uendelee kutumia uboreshaji huo. Ardhi ya familia inahitaji saini za wenye haki nayo. Na kama unachukua maji mtoni au unachimba mfereji, zungumza na wanaotumia maji hayo chini yako kabla afisa hajakuuliza. Kibali cha maji huchukua muda, na dirisha la maombi halikungoji.

Upande wa usindikaji: mazao kwanza, mashine baadaye

Kikundi kikiniletea bei ya mashine, nakirudisha kwenye mazao. Mashine ya kilo 500 kwa saa, ikifanya kazi saa 8, inahitaji tani 4 kwa siku. Kwa siku 200 za kazi ni tani 800. Wanachama wanavuna ngapi kwa pamoja? Zikiwa tani 150, mashine ndogo inatosha, na ombi lenu litaaminika zaidi. Wapimaji hufanya hesabu hii kichwani wakisoma ukurasa wa kwanza wa bajeti.

Yapo mengine ambayo muuza mashine hatayataja. Umeme wa njia tatu ukoje hapo, na kuufikisha ni gharama ya nani? Maji ya kuoshea yamepimwa? Makapi na maji machafu yanakwenda wapi? Sakafu inaosheka? Nafaka itakaushwa na kuhifadhiwa wapi kabla ya kusagwa? Mahindi yanayowekwa ghalani yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi hukaribisha kuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Kipima unyevu ni kitu kidogo kwenye bajeti, lakini kinamwambia mpimaji kwamba mnajua mnalolifanya. Leseni ya chakula na alama ya ubora navyo vina ada na muda wake. Viwekeni kwenye ratiba.

Upande wa soko, leteni barua za wanunuzi zinazotaja kiasi, ubora na muda. Barua ya duka moja la jirani inayotaja idadi ya mifuko kwa mwezi ina nguvu kuliko aya tatu kuhusu ukubwa wa soko la taifa.

Bei, risiti na majina

Ombeni bei kwa wauzaji watatu, wote kwa maelezo yaleyale: uwezo wa mashine, nguvu ya mota, aina ya chuma, usafiri, kufunga, mafunzo, dhamana. Mkiomba kiholela mtapata karatasi tatu zisizolinganishika, na kamati itaziweka kando. Wauzaji wasiwe ndugu wala kampuni za mtu mmoja. Mkichagua asiye wa bei ya chini, andikeni sababu ya kiufundi.

Ankara iandikwe jina la mwombaji vilevile lilivyo kwenye mkataba, herufi kwa herufi. Lipeni kwa benki. Malipo ya taslimu huchelewesha madai kuliko kitu kingine chochote ninachokijua, na mipango mingi huyakataa kabisa.

Neno juu ya madalali: fomu za serikali kwa kawaida ni bure. Anayetaka asilimia ya ruzuku ili "kuisukuma" hana cha kuuza. Msaada wa kuandika ni huduma halali, ila ulipiwe kwa kazi, kwa makubaliano ya maandishi.

Jedwali la alama

Kama tangazo lina jedwali la alama, andika andiko lako kwa kulifuata. Kila kigezo kipate jibu lake, kwa mpangilio uleule, kwa maneno yaleyale ya mwongozo. Mpimaji ana rundo mbele yake na anatafuta mahali pa kuweka alama, msaidie. Kigezo chenye alama nyingi kipewe nafasi kubwa.

Baada ya pesa kuingia

Mkataba wa ruzuku una mkia. Katika kanuni hizohizo za Umoja wa Ulaya, kwa kawaida uwekezaji ulitakiwa kubaki na kutumika kwa kusudi lake kwa miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, la sivyo pesa hurudishwa. Nchi nyingine zina muda wao. Ndani ya muda huo usiuze mashine, usiihamishe, usibadili matumizi ya shamba bila kuomba idhini kwanza. Mkaguzi atasoma namba iliyogongwa kwenye mota na kuilinganisha na ankara. Weka faili moja yenye mkataba, ankara, risiti, taarifa za benki, picha na barua zote, na mtu mmoja kwenye kikundi awe na jukumu la kuitunza.

Ukikataliwa, omba alama zako kigezo kwa kigezo na uangalie siku za kukata rufaa, kwa kuwa huwa chache. Vipimo vya udongo, michoro na barua za wanunuzi zinaweza kutumika tena dirisha lijalo. Bei za wauzaji ziombwe upya.